Filimbi ya Waoka Mikate

Bekari, chumba cha magunia
4 Februari

Bi Mdogo,

Mimi mzima kama chuma cha reli. Hofu na mashaka nakuachia wewe, maana ndiyo kazi unayolipwa huko hospitali kuu, kuogopea pumzi za watu.

Usishangae kupata barua kama enzi za babu zako, yaani mimi. Simu imekufa. Ilinitoka mfuko wa shati ikaingia mashine ya kukandia, ikakandwa na gunia zima la unga, tukaja kuiokota imevimba kama mkate. Kimbaumbau akasema tuioke kabisa tuone kama italia. Basi tutaandikiana. Ukiona herufi zimekaa upande, lilaumu gunia la unga, ndiyo shule niliyosoma. Nilianza na NGANO SAFI, nikahitimu na USILOWESHE.

Sasa habari. Wakaguzi walimjia Tajiri wakamwambia wafanyakazi wote wapimwe mapafu, atakayeonekana mbovu atolewe kwenye unga na tanuri. Jumanne mashine ikaletwa hapahapa, na binti mmoja mpimaji, mwili wa sindano, sauti ya refa. Unabanwa pua, unaweka bomba mdomoni, halafu anakupigia kelele: "Puliza! Puliza! Malizia, malizia, malizia!" Nikamwambia mwanangu, unanifundisha kupuliza mimi? Mimi niliyejaza tairi la lori kwa mdomo, dereva akaniomba nipunguze lisije likapasuka? Marehemu bibi yako shahidi. Nikapuliza mpaka binti akarudi nyuma hatua mbili. Karatasi imeandikwa: mapafu mazima kwa umri wake. Miaka sitini na saba, arobaini na moja mbele ya moto!

Kimbaumbau naye kapita. Unamkumbuka, mkandaji wangu, yule mrefu mwenye shingo ya kuazima, baba wa mapacha. Filimbi yake ya kifua imeanza kulia mwezi uliopita, tukampigia makofi kazi nzima ikasimama. Kwetu fundi asiye na filimbi bado ni kibarua, unga haujamkubali.

Babu yako,
Simba wa Tanuri

*

Hospitali kuu, chumba cha kupima pumzi
11 Februari

Shikamoo Babu,

Nakushika miguu yote miwili usije ukatoroka kabla hujamaliza kusoma.

Karatasi yako nzuri, hongera. Ila wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukimkuta mbwa mkali amelala usiseme ni mpole. Kipimo kile cha kupuliza kinaonyesha mapafu yalivyo saa hiyo, yamelala. Kuna watu wazima, na ninawaona kila wiki hapa, wanapuliza vizuri kabisa, lakini njia zao za hewa zina hasira. Zikiguswa na vumbi, baridi au moshi, zinajibana kama mlango umegongwa na upepo.

Hao tunawapima kwa njia nyingine. Tunawavutisha ukungu wa dawa inayochokoza kifua, kidogo sana kwanza, halafu wanapuliza. Tunaongeza, wanapuliza tena. Mapafu tulivu hayajali. Yenye hasira yanafunga mapema, hewa ya sekunde ya kwanza inashuka. Ikishuka moja ya tano, tunasimama palepale, tunampa dawa ya kufungua, jibu tumelipata.

Nijibu bila hadithi, Babu. Hiyo filimbi mnayoipigia makofi, wewe unayo? Inalia siku zote, au Jumapili ukipumzika inanyamaza? Ukipanda ngazi za ghala unasimama katikati?

Na tairi la lori lina valvu inayotaka pampu ya upepo. Hakuna mdomo unaolijaza.

Bi Mdogo

*

Bekari
20 Februari

Bi Mdogo mwenye maswali kama polisi,

Nasimama katikati ya ngazi kwa sababu dirisha liko pale na mandhari ni mazuri. Umeridhika?

Filimbi ninayo, ndiyo. Nitakosaje? Fundi aliyenifunza alikuwa nayo mpaka ukiwa barabarani unajua leo yuko kazini. Sisi vijana tulikuwa tunacheza kwa mdundo wake. Jumapili inanyamaza, kwani nani anapiga muziki siku ya mapumziko?

Na mambo hayajaishia hapo. Mpimaji Sindano kamwambia Tajiri maneno yaleyale yako ya mbwa aliyelala, sijui mmesoma darasa moja. Tajiri kasema wenye zaidi ya sitini waende kliniki ya Sindano wakavute huo ukungu. Zaidi ya sitini hapa nani? Mimi na lile tanuri, na tanuri haliwezi kutembea. Kimbaumbau ana arobaini, kaachwa. Kanicheka mpaka kakohoa. Nimepangiwa tarehe sita Machi, saa mbili asubuhi.

Kasema tena, kifua kikionekana na hasira, koleo nikabidhi. Lile koleo la mbao la kuingizia mikate tanurini, Bi Mdogo, mkono wake una shimo la kidole gumba changu. Bila mimi nani atajua moto umeiva kwa kunusa tu? Hapa wapo wanaovaa saa mkononi na bado mkate unaungua.

Sina wasiwasi wowote. Ila kuna jirani yangu mmoja anatumia ile pampu ya bluu ya kuvuta. Anauliza, akivuta asubuhi, inakaa mwilini muda gani?

Simba wa Tanuri

*

Hospitali kuu
26 Februari

Shikamoo Babu,

Jirani yupi? Upande mmoja una ukuta wa shule, upande wa pili amehamia fundi cherehani ambaye ana miaka ishirini na anakimbia mpirani.

Mwambie jirani hivi: pampu ya bluu inafungua njia za hewa kwa saa kadhaa. Akiivuta kabla ya kipimo, kipimo kitadanganyika, na atakayepoteza ni yeye. Anatakiwa akae muda wa saa nane bila kuivuta. Asinywe kahawa asubuhi hiyo. Akishindwa kuvumilia saa hizo nane, asijikaze, amwambie mpimaji, naye atajua la kufanya. Na mwambie hii si mahakama. Kipimo kikisema kifua kina hasira, kuna dawa ya kukituliza ya kuvuta kila siku, siyo ya kuzima moto tu. Watu wanaishi. Wanacheka. Wanasumbua wajukuu.

Mwambie na hili. Ana mjukuu mmoja ambaye kila siku anaona midomo ya bluu, halafu usiku anaota mdomo mmoja tu.

Bi Mdogo

*

Bekari
9 Machi

Bi Mdogo,

Nipigie makofi! Dozi ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu, ya nne, ya tano, Sindano anaongeza huku anatazama mashine kama imemuibia. Mapafu yametulia kama maji ya mtungi. Nikamwuliza, mwanangu, hicho kichupa chako kina dawa au kina maji ya kunawia? Daktari kasaini. Narudi kwenye moto wangu na koleo langu.

Niliporudi bekari walinibeba. Kimbaumbau akaning'ata sikio: "Kaka, umewezaje?" Nikamwambia siri ya mafundi haitoki bure. Lakini yule ni mdogo wangu, nikamwonyesha. Nilimwonyesha tu namna ya kukaa kwenye kiti na kuvuta pumzi.

Nakuwekea nakala ya karatasi zote mbili, ya bekari na ya kliniki, uzibandike ukutani kwako wagonjwa wako wapate mfano.

Babu yako, mwenye mapafu ya mwali,
Simba wa Tanuri

*

Hospitali kuu
15 Machi

Babu,

Sikubandika. Niliziweka mezani ubavu kwa ubavu, nikasoma mara tatu, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Bekari, mwishoni mwa mwezi wa kwanza, hewa yako ya sekunde ya kwanza ilikuwa lita mbili na robo. Kliniki, kabla ya ukungu wowote, lita mbili na robo tatu. Nusu lita imetoka wapi, Babu? Mapafu ya mtu wa miaka sitini na saba hayaumuki kwa hamira. Kitu kimoja tu kinayafungua hivyo, nawe unacho mfukoni. Au kwenye soksi, maana ndimo unamofichaga vitu, bibi alikuwa anajua.

Sindano, kama unavyomwita, hakufananisha karatasi ya kwanza na ya pili. Mimi nimefananisha.

Na simu yako haijakandwa na unga wowote. Nimepiga wiki iliyopita, ikaita mpaka mwisho. Unaandika kwa sababu karatasi haina kifua. Kwenye simu ningekusikia unavuta pumzi kila baada ya maneno matatu, na ungejua kwamba nimesikia.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Hiyo methali ulinifundisha mwenyewe nilipoficha jino.

Nakupa mpaka tarehe thelathini. Mwambie daktari wa kliniki ukweli, urudie kipimo. Usipomwambia, nitamwandikia mimi. Nikuvunjie heshima yako, niwe na babu wa kunichukia. Nimekubali.

Mjukuu wako

*

Bekari
18 Machi

Usimwandikie mtu yeyote.

Nilikubeba mgongoni utotoni homa ilipokupanda, nikaacha mikate inaungua tanuri zima. Sikwambii hayo kudai. Nakwambia ujue ninavyojua kuogopa.

Nikitoka pale mbele ya moto mimi ni nani? Mzee wa kukaa mlangoni kuuliza wapita njia saa ngapi. Fundi wangu walimtoa kwenye koleo kwa sababu ya kukohoa. Wiki ya tatu nilimkuta kwake, kakaa kitandani kashika kijiko cha supu kama anaingiza mkate tanurini. Wiki ya tano tulimzika. Niliwaambia watu wote kafa kwa kukosa kazi. Nimesema hivyo miaka thelathini.

Kumbe unataka nami nishike kijiko.

Babu

*

Bekari, juu ya gunia, samahani kwa maandishi
24 Machi

Bi Mdogo,

Sina utani leo. Nimeutafuta, sijauona.

Jana asubuhi tulipakua shehena mpya ya unga, gunia moja likapasuka juu ya Kimbaumbau. Vumbi likafunga chumba kizima kama moshi. Tukacheka, ndiyo kawaida. Akajitokeza mweupe kama mzimu, akacheka naye. Halafu akaacha kucheka. Mabega yakawa yanapanda, yanapanda, hayashuki. Wenzetu wakapiga makofi. Nakwambia walipiga makofi, Bi Mdogo! "Filimbi hiyo, fundi huyo!" Mimi niliyewazoesha.

Nilikuwa upande wa tanuri. Nikasikiliza filimbi yake. Ikawa inazidi kuwa nyembamba, nyembamba, halafu ikanyamaza, naye bado anavuta. Nikajua. Kifua kinacholia bado kina njia. Kilichonyamaza mlango umefungwa.

Akanyoosha mkono kunishika shati. Akasema neno moja: "Kaka." Halikuwa na upepo ndani yake, nililisoma kwenye midomo.

Tajiri kasimama mlangoni. Sindano yupo, alikuja kuchukua mashine yake. Wote wananitazama mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nikainama nikatoa pampu kwenye soksi.

Nikaitikisa. Nyepesi. Ile pampu nusura niimalize asubuhi ya kipimo, nilivuta mara nane ili hizo dozi zenu zisinipate. Nikampa mdomoni, nikabonyeza: ikatoka. Ya pili ikatoka nusu. Ya tatu upepo mtupu. Nikabonyeza, nikabonyeza. Sindano akaninyang'anya, akaniambia "Babu tosha," akatoa yake kwenye mkoba wa kazi, na kopo refu la kuvutia dawa. Akampa nyingi, akimwambia taratibu, bila zile kelele za refa. Wakamlaza kwenye gari la kusambazia mikate, katikati ya mikate ya moto, wakakimbia.

Yuko hai. Wamemwekea hewa ya mtungi. Mkewe amekaa na mapacha nje kwenye benchi, kaniamkia kwa heshima zote kama hakuna kitu. Bora angenitemea mate.

Sikiliza la mwisho. Kwenye mfuko wa Kimbaumbau walikuta pampu ya bluu. Tupu. Kumbe naye alikuwa anaificha. Ile siri ya fundi niliyomwonyesha siku nilipotoka kliniki haikuwa kiti wala pumzi, ilikuwa pampu. Ulikwishajua.

Tajiri kachukua koleo, kaliegemeza ukutani, kageuza upande wenye shimo la kidole ukaangalia ukuta.

Mwandikie daktari. Au niambie nimwambieje.

Babu yako

*

Hospitali kuu
29 Machi

Shikamoo Babu wangu,

Nililia kwanza, ndipo nikashika kalamu. Ulitoa pampu kwenye soksi mbele ya Tajiri. Hilo nalishika, mengine tutagombana ukipona.

Sikumwandikia daktari. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, useme kwa mdomo wako. Sema hivi: nilivuta mara nane kabla ya kipimo, naomba nirudie. Basi. Usianze na tairi.

Siku ya kipimo: saa nane bila pampu, lakini pampu mpya, iliyojaa, iwe mkononi mwako, si kwenye soksi. Ukibanwa njiani, vuta, na kipimo kiahirishwe, hakuna anayekukimbiza. Hakuna kahawa. Siku mbili kabla usiingie kwenye unga. Daktari awe chumbani, mwambie Sindano nimesema. Nilisoma naye, ni kweli. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza darasani, mimi wa pili. Usimdharau.

Utakapoanza kubanwa utaogopa. Kila mtu anaogopa, hata madereva wa malori. Sindano atakuwa na dawa ya kufungua tayari mkononi. Dakika chache tu.

Na kuhusu fundi wako. Babu, hakufa kwa kukosa koleo. Unajua alikufa kwa nini. Nadhani ulijua siku ileile ya kijiko.

Bi Mdogo

*

Nyumbani, mezani
12 Aprili

Bi Mdogo,

Sasa sikiliza kisa cha Simba na ukungu, na safari hii sijaongeza chumvi, nimekatazwa hata na daktari.

Nilienda. Nilisema. Daktari aliandika, hakuinua hata kichwa, akasema, "Wewe wa nne mwaka huu, mzee." Wa nne! Nilidhani mimi ndiye mjanja wa kwanza duniani.

Nikapuliza mwanzo: mbili na robo. Nusu lita yangu ya wizi haipo. Sindano akanitazama, nikamtazama. Dozi ya kwanza, kimya. Nikaanza kufungua mdomo nimtanie. Dozi ya pili.

Ilikuja kama mtu kakalia kifua changu kwa adabu, polepole, akisogea kupata nafasi. Nikapuliza, "Malizia, malizia!", na hakukuwa na cha kumalizia. Nikataka kusema neno. Neno likasimama mlangoni. Nikaisikia filimbi yangu, chumba kidogo kile, hakuna mashine ya kukandia, hakuna redio, hakuna watu wa kupiga makofi. Mara ya kwanza nimeisikia peke yake. Si muziki, mjukuu wangu. Fundi wangu alikuwa anaita, miaka yote ile, nasi tukawa tunacheza.

Hewa ilishuka theluthi. Kwenye dozi ya pili! Sindano akasema kifua changu kina hasira kuliko mama mkwe. Akanipa dawa ya kufungua, baada ya dakika kumi nikapata pumzi ya kumjibu.

Nina pampu mbili sasa, ya bluu ya dharura na ile nyingine ya kila siku asubuhi na jioni, nasukutua mdomo baadaye kama ulivyo utaratibu. Kimbaumbau katoka wodini, naye kapangiwa kipimo chake akishapona vizuri. Tajiri, baada ya kuona gari lake la mikate limekuwa la wagonjwa, kawapangia wote, hata wa miaka ishirini. Chumba cha unga wanafunga kifuniko juu ya mashine na gunia halipasuliwi tena juu ya mtu. Vijana walitaka kunipigia makofi niliposimama kuwaeleza. Nikawaambia atakayepiga makofi kwa sababu ya kifua cha mwenzake nitamwoka.

Koleo nimekabidhi. Nililigeuza mwenyewe, nikamwonyesha anayefuata shimo la kidole. Kidole chake hakijai, ni kijana wa vidole vyembamba, lakini litachimbika lake. Mimi nimewekwa dirisha la mbele, la kuuzia, mbali na unga. Moto naunusa kutoka huko. Juzi nilipiga kelele "Toeni!" nikiwa na wateja sita mbele yangu, wakaruka wote, na mkate ukatoka sawasawa. Kwa hiyo sijafa, wala sijashika kijiko.

Tairi halikuwa la lori. Lilikuwa la baiskeli, na aliyejaza ni bibi yako, kwa pampu ya mguu. Mimi nilishika taa.

Simu nimeifuta vumbi, haijawahi kuona unga. Jumapili mchana niko nyumbani. Nipigie. Nitapokea, na nitaongea mpaka uniombe ninyamaze. Sikiliza vizuri kati ya maneno.

Babu yako,
wa dirishani